Shahada ya Chuo Kikuu na Mlango wa Riziki

Neno shahada katika lugha yetu lina kazi mbili. Mtu anapoingia katika Uislamu hutoa shahada, yaani hushuhudia kwa ulimi wake yale aliyoyasadiki moyoni. Na kijana anapomaliza masomo ya chuo kikuu hupewa shahada, yaani karatasi inayoshuhudia kwamba alisoma elimu fulani kwa miaka fulani, akafaulu mitihani yake. Asili ya neno ni moja, nayo ni ushahidi. Ila katika shahada ya kwanza mtu hushuhudia mwenyewe, na katika ya pili wengine humshuhudia yeye.

Yafaa tuishike maana hii kabla ya kuendelea, kwa sababu itatusaidia kulijibu swali ambalo wazazi na vijana wengi wanajiuliza siku hizi, tena wengine wanajiuliza kwa uchungu: je, shahada ya chuo kikuu ina faida gani katika kupata kazi? Ushahidi wowote una sifa mbili. Unaweza kuwa wa kweli au wa uongo. Hiyo ni sifa ya kwanza. Ya pili ni kwamba, hata ukiwa wa kweli, haumfai mwenye nao mpaka awepo mtu anayeuhitaji. Shahidi mwaminifu kabisa katika habari za mpaka wa shamba hana la kusema katika kesi ya ng'ombe aliyepotea. Kwa hiyo anayesema kwamba shahada ni ufunguo wa kila mlango amekosea, na anayesema kwamba shahada ni karatasi tupu naye amekosea. Swali lililo sahihi ni hili: ni mlango gani, na nani aliyeko nyuma yake anayeutaka ushahidi huo?

Ili tusizungumze mambo ya hewani, natutazame mahali pamoja. Kaskazini ya mji wa Tanga, mwisho wa barabara ya lami ya kilomita zipatazo 65 iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, pana kituo cha mpakani kiitwacho Horohoro, katika wilaya ya Mkinga. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga ya Kenya. Wadigo wako pande zote mbili, na watu walikuwa wakitembeleana na kuoana huko kabla Waingereza na Wajerumani hawajapiga mstari wao katika karne ya 19. Mahali hapa si mji mkubwa, wala hapana chuo kikuu. Lakini mtu anayetaka kujua shahada hufanya nini na haifanyi nini katika kazi za watu, atajifunza hapo mengi kwa siku chache kuliko atakayojifunza kwa mwaka mzima katika mabishano ya barazani.

Tuanze na walio ndani ya majengo. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Maana yake ni kwamba anayeingia Tanzania hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Horohoro, na anayeingia Kenya hushughulikiwa upande wa Lunga Lunga, badala ya kusimamishwa mara mbili. Ndani humo yuko ofisa wa Uhamiaji, yuko ofisa wa Forodha wa Mamlaka ya Mapato, wako watu wa viwango, wa afya, wa mifugo, na wa afya ya mimea. Ofisa anayekagua mbegu na matunda lazima ajue wadudu na magonjwa ya mimea. Akikosea, mdudu mmoja anaweza kuingia pamoja na gunia na kuharibu mashamba ya wilaya nzima. Ofisa wa afya anayepima msafiri mwenye homa naye hawezi kujifunza kazi yake kwa kubahatisha. Watu hawa wanatakiwa kuwa na shahada au stashahada kwa sababu kazi yenyewe inaihitaji elimu, na kwa sababu muundo wa utumishi wa serikali umeandika hivyo. Hapa mlango una kufuli, na shahada ndiyo ufunguo wake. Asiye nayo haingii, hata awe na akili kama radi.

Sasa tutoke nje. Nje wako mawakala wa forodha, wanaoandika matamko ya mizigo kwa niaba ya wafanyabiashara. Wako madereva wa malori na matingo wao, wapagazi, wabadilisha fedha, mama lishe, vijana wa bodaboda, na wanawake wanaovusha bidhaa kidogo kidogo. Msimu ukifika hupita machungwa ya Muheza kwa wingi kwenda Kenya, nayo huwapa riziki wachumaji, wapakiaji, madereva na madalali, wala hapana katika mlolongo huo wote mtu anayeulizwa alisoma chuo gani. Huulizwa kama lori lake ni zima, kama neno lake ni la kweli, na kama analipa.

Wakala wa forodha yuko kati ya ndani na nje, na kazi yake yafaa itazamwe kwa makini, maana ndiyo inayolieleza jambo letu vizuri kuliko zote. Kampuni ya uwakala haifanyi kazi bila leseni ya Forodha, nayo huhuishwa kila mwaka. Na kwa mtu binafsi pana mafunzo maalumu ya miezi sita yanayotambuliwa katika Afrika Mashariki yote, ambayo kwa Tanzania hufundishwa na Chuo cha Kodi. Hayo si shahada; ni cheti cha kazi. Lakini tazama uzito wake. Bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru kwa viwango vya asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 pia 35, mbali na bidhaa chache zenye viwango vyake vya pekee. Mzigo wa thamani ya shilingi 10,000,000 ukiandikwa katika fungu la asilimia 25 hali ulistahili fungu la asilimia 10, mwenye mzigo anapoteza shilingi 1,500,000 kwa kalamu moja. Ukiandikwa kinyume chake, anaonekana mkwepa kodi, na adhabu inamngoja. Mfanyabiashara anayejua hesabu hizi hamwulizi wakala, "Una shahada ya chuo gani?" Humwuliza, "Umewahi kutoa mzigo kama huu?"

Je, tuseme basi kwamba aliyesoma chuo kikuu hana faida katika kazi ya uwakala? Hapana. Aliyesoma vizuri, yaani aliyezoea kusoma sheria ndefu, kupiga hesabu na kuandika barua inayoeleweka, huyajua mafungu ya ushuru kwa haraka na huweza kumjibu ofisa kwa hoja bila kumbembeleza. Elimu yake inamfaa. Karatasi yake ndiyo isiyoulizwa. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi huyachanganya.

Ndugu msomaji, mchanganyo huu una historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya hapa hapa Tanga. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Hawakuifungua kwa huruma. Walihitaji makarani, walimu na maakida wa kuendesha utawala wao kwa Kiswahili, na kila aliyetoka katika shule hiyo alikuta kiti kinamngoja. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na desturi ile ile. Martin Kayamba, aliyekiongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, alikuwa karani. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Machui, alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, akapata cheti chake cha shule, na mara akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi katika pwani hii, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Cheti cha miaka minne kilimtosha. Leo kijana anayetaka kukaa kwenye meza ya forodha ya pwani ile ile hutakiwa shahada, na pengine shahada hiyo aliipata kwa kusoma vitabu vya karani huyo ambaye hakuwa nayo.

Ni nini kilichobadilika? Kazi imekuwa ngumu zaidi, hilo ni kweli. Mitambo na sheria za leo si za mwaka 1926. Lakini jambo kubwa zaidi ni wingi. Mwezi Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa Dar es Salaam, kilianza na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria. Nchi nzima ilikuwa ikihitaji mahakimu, madaktari, wahandisi, wakurugenzi. Kijana wa wakati huo hakutafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye, na kwa muda mrefu serikali yenyewe ilimpangia kila mhitimu mahali pa kwenda. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho yao. Wakajenga imani kwamba ni shahada iliyompa yule kijana gari na nyumba, kumbe ni uchache wake. Maji ya mtungi mmoja jangwani huuzwa kwa dhahabu, na maji hayo hayo kando ya mto Pangani hayana mnunuzi, wala hayakubadilika kitu.

Sasa tazama tarakimu za miaka ya karibuni, tena katika ofisi mbili zile zile zinazokaa ndani ya jengo la Horohoro. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Waliofika walikuwa zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyike katika Uwanja wa Taifa wa mpira, Dar es Salaam, vijana wamejaa viti vya watazamaji na bahasha zao za kaki mapajani. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yalipita 135,000. Si wote hao waliokuwa na shahada, kwa maana zilikuwamo pia nafasi za elimu ya chini yake. Lakini ukigawanya utaona kwamba kila kiti kimoja kiliombwa na watu zaidi ya 80. Hapo shahada haimwingizi mtu ndani. Inampa ruhusa ya kusimama katika mstari. Ruhusa hiyo ina thamani, maana asiye nayo hata mstarini hasimami. Lakini mzazi aliyeuza shamba akidhani ananunua kiti, huku amenunua nafasi ya mstarini, lazima aambiwe mapema.

Mwanachuoni mmoja wa Uingereza, Ronald Dore, aliandika mwaka 1976 kitabu alichokiita The Diploma Disease, yaani ugonjwa wa vyeti, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizozichunguza. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba waajiri wanapoona waombaji ni wengi, hupandisha kiwango cha cheti si kwa sababu kazi imekuwa ngumu, bali kwa sababu wanataka njia rahisi ya kuwapunguza watu. Kazi ya mtu wa darasa la nane ikapewa wa kidato cha nne; ya kidato cha nne ikapewa wa kidato cha sita; na kadhalika. Nao wanafunzi, kwa kuona hivyo, hukimbilia cheti cha juu zaidi, na mbio hazina mwisho. Wakati huo huo shule hugeuka kuwa mahali pa kupita mitihani, na kujifunza kwenyewe kukawa jambo la pembeni. Tangu kitabu kile kiandikwe ni karibu nusu karne, na sidhani kama yuko mwalimu wa sekondari katika pwani hii atakayesema kwamba maelezo hayo yamechakaa.

Hata hivyo yapo maneno ya upande wa pili, na uadilifu unatutaka tuyaseme. Wachumi wawili, George Psacharopoulos na Harry Patrinos, walikusanya tafiti za nchi nyingi duniani na kutoa hesabu yao mwaka 2018. Walikuta kwamba kila mwaka mmoja wa masomo humwongezea mtu kipato kwa wastani wa asilimia 9 hivi, na kwamba faida ya elimu ya juu ni kubwa zaidi katika nchi za Afrika kuliko sehemu nyingine, kwa sababu wasomi bado ni wachache ukilinganisha na watu wote. Kwa hiyo anayemwambia mwanawe, "Usisome, wasomi wote wanaendesha bodaboda," anasema maneno ya hasira, si ya hesabu. Ila wastani ni wastani. Mto wenye kina cha wastani wa kiunoni unaweza kumzamisha mtu mrefu. Katika wastani huo yumo daktari na mhandisi wa umeme, na yumo pia yule aliyekaa nyumbani miaka sita.

Ndiyo maana swali la pili, baada ya lile la mlango, ni somo lenyewe. Mwaka 2017 serikali ililazimika kuwahamishia shule za msingi baadhi ya walimu wa masomo ya sanaa waliozidi katika sekondari, huku sekondari hizo hizo zikilia kwa kukosa walimu wa hisabati na fizikia. Wote walikuwa na vyeti vya ualimu vilivyo halali. Chuo kilishuhudia kweli, lakini kilishuhudia katika kesi ambayo mashahidi wake walikwisha kujaa mahakamani.

Na liko swali la tatu, ambalo watu hulisahau: je, shahada hiyo ni mlango wa mwisho, au nyuma yake upo mwingine? Mwenye shahada ya sheria hawi wakili mpaka apite Shule ya Sheria ya Tanzania. Mhandisi lazima asajiliwe na bodi yake, mhasibu hufanya mitihani ya bodi yake, daktari hufanya mwaka wa mazoezi hospitalini. Mwaka 2022 nchi ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja walikuwa 26 tu, na wengine 265 walifeli kabisa. Watu walibishana sana nani alaumiwe, shule au vyuo vilivyowatoa. Kwetu sisi inatosha kuona kwamba watu hao wote 633 walikuwa tayari na shahada. Mzazi anayepiga hesabu ya miaka na ada aihesabu na milango hii ya nyuma.

Tukitaja ada, hatuwezi kuupita mkopo. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewawezesha wana wa maskini wengi kusoma, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mkopo ni deni, na dini yetu inalichukulia deni kwa uzito mkubwa. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mwajiri humkata mdaiwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 120,000, kabla hajampelekea mama yake kitu. Asiyeajiriwa naye deni halimwachi. Linamngoja, na anatakiwa alilipe kwa kadiri ya kipato chake. Wako vijana wanaosema, "Hizo ni fedha za serikali," kana kwamba serikali haina wenyewe. Wenyewe ni yule mama wa Duga anayelipa kodi katika kila kilo ya sukari, na mwanawe anayengoja mkopo huo huo mwakani.

Nikirudi kwenye ule ushahidi tulioanza nao: uko wa uongo. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma majina ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vingi vilikuwa vya kidato cha nne na cha sita na vya ualimu, wala si shahada. Maana wengi wa watu hao waliihitaji ngazi ya chini ili wapandie ya juu. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi miaka 20, na wenzao walisema kwamba kazi waliifanya vizuri. Waliondolewa wote. Mtu anaweza kuwasikitikia, hasa akifikiri kwamba pengine kazi zile hazikuhitaji cheti kilichodaiwa. Lakini mshahara uliojengwa juu ya ushahidi wa uongo ni mshahara gani? Muislamu anayejua uzito wa kusema "nashuhudia" hawezi kuuza neno hilo kwa nafasi ya ukarani. Tena aliyeghushi alikalia kiti cha mwingine aliyefeli kwa uaminifu akarudi kwao kulima.

Sasa tuseme na kijana ambaye shahada anayo tayari, naye yuko nyumbani, na kila jirani anayempitia humwuliza kwa sauti ya huruma kama "bado". Ndugu yangu, shahada yako haikuoza. Lakini usiifanye kuwa kaburi la kulinda. Wako wanaokataa kazi ya mkono kwa miaka mitano kwa hofu kwamba kazi hiyo itaidharaulisha karatasi; na mwajiri wa mwaka wa sita anapomwuliza, "Tangu umalize ulikuwa ukifanya nini?" hana jibu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza angalau miaka miwili, na apate maneno mema ya waliofanya kazi naye, ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na uliachwa, lakini ulikuwa umeona jambo: maneno ya watu waliofanya kazi nawe ni shahada ya pili, na mara nyingi ndiyo inayosomwa kwanza. Anayetaka kuipita njia hiyo leo anaweza, maana Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kina kituo Tanga, na mtu husoma huku anafanya kazi.

Kwa aliye karibu na mpaka, kuna kazi ya akili ambayo haijapata watu wa kutosha. Wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa za Afrika Mashariki zilizo katika orodha iliyokubaliwa, wanaweza kupewa papo hapo mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa, wakavusha bila ushuru wa forodha na bila kulazimika kumlipa wakala. Kodi na ada nyingine ndogo huweza kuwapo, lakini ushuru wa forodha haupo. Wengi hawajui, ama wanajua nusu, nao hupita njia za porini na kunyang'anywa mali. Msomi mmoja mwenye subira, anayekaa na kikundi cha akina mama, akawawekea hesabu zao, akawasomea masharti, akawaunganisha ili wakodi gari moja, analipwa kwa haki, na baada ya miaka miwili anakuwa na jambo la kumweleza mwajiri yeyote, kama bado atamhitaji mwajiri.

Na anayetazama ng'ambo ya mpaka ajue kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, haikufungua kazi zote kwa wote. Kila nchi iliandika orodha ya kazi inazozifungua, na nyingi za hizo ni za wataalamu wenye elimu ya juu. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuana kati ya bodi zao. Kwa hao shahada huvuka mpaka, ingawa machungwa huvuka kwa urahisi zaidi. Na aliyesoma nje ya Tanzania, hata kama ni Mombasa tu, apeleke shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu ikatambuliwe, kabla ya kuomba kazi ya serikali na si baada ya kuitwa.

Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupelekwa kwa mtandao wake bila malipo. Anayekuomba fedha "ya kulisukuma jina lako" anakuibia, na ukimpa umetoa rushwa, hata kama kazi haikupatikana.

Limebaki jambo moja linalowahusu hasa ndugu walioingia karibuni katika Uislamu. Baadhi yao hubadili jina, kisha huomba kazi kwa jina jipya na vyeti vya jina la zamani, wakashangaa kuona maombi yamekataliwa. Uislamu haukulazimishi kubadili jina, isipokuwa kama maana yake ni mbaya au ya shirki. Ukitaka kuendelea kuitwa kwa jina la vyeti vyako kazini, na jina jipya likatumika msikitini na nyumbani, hapana ubaya. Ukitaka jina jipya litumike mahali pote, mwone wakili au kamishna wa viapo, uandikiwe hati ya kubadili jina, uisajili kisheria, na uiambatishe kila mara pamoja na vyeti. Usikisahihishe cheti kwa kalamu, hata herufi moja.